Kijana Apelekwaye Ugenini

Mtu aliyepata kukaa Nairobi au Dar es Salaam huenda amewaona njiani: vijana wawili, wengine Wazungu na wengine Waafrika, wamevaa mashati meupe na tai, na kifuani wamebandika kibao cheusi chenye jina. Hutembea kwa miguu juani, daima wawili, hawaachani. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Kijana wa kiume miongoni mwao, hata akiwa na umri wa miaka 19, huitwa "Mzee", cheo ambacho huku kwetu mtu hukipata kwa mvi. Lakini kila watu na desturi zao.

Sisi hatuna nia ya kuisema dini hiyo kwa wema wala kwa ubaya. Visiwa hivi vina dini yake, na msomaji atakayeuliza kwa nini gazeti hili linajishughulisha na wahubiri wa watu wengine ana haki ya kuuliza. Tunataka kulitazama jambo moja tu, nalo ni jinsi kijana anavyotayarishwa na kutunzwa na wale wanaompeleka katika nchi ya mbali. Jambo hilo linatuhusu sana, kwa sababu nasi pia tunapeleka vijana.

Siku ya kijana huyo imepangwa kwa saa. Mwaka 2017 wakuu wake waliilegeza ratiba kidogo ili ifuate hali ya kila nchi, lakini mwendo wake ni ule ule. Huamka saa kumi na mbili na nusu alfajiri, akafanya mazoezi ya viungo, akaoga, akala. Kisha husoma peke yake, halafu husoma pamoja na mwenzake. Na akiwa katika nchi ya lugha ngeni huongeza muda wa kujifunza lugha, si kwa mwezi wa kwanza tu bali muda wote wa utumishi wake. Kabla ya adhuhuri huwa yuko njiani. Hubisha hodi, akakataliwa, akabisha kwingine. Saa tatu za usiku hurejea, hupanga ya kesho, na saa nne na nusu taa huzimwa. Hana ruhusa ya kuwa na mchumba wa kutembea naye, wala ya kutoka peke yake. Siku moja katika wiki, aghalabu Jumatatu, huachiwa kufua nguo, kununua chakula na kuwaandikia wazazi. Wengi wao ni vijana ambao kwao nguo zilifuliwa na mashine, na mashine ikawashwa na mama; huku wanakutana na beseni na kipande cha sabuni.

Mvulana hutumika miezi 24, msichana miezi 18. Hapati mshahara. Yeye na jamaa zake ndio wanaochanga gharama, na kwa wale watokao Marekani mchango huo ulikuwa dola 400 kwa mwezi, ukapandishwa kuwa dola 500 mwaka 2020. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, kwa wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, na kwa wasichana kutoka 21 hadi 19. Kwa hiyo wanaopelekwa ni watoto hasa, waliotoka skuli juzi.

Hatusemi kwamba maisha hayo ni matamu. Kufungwa mchana na usiku na mtu ambaye hukumchagua ni mtihani mkubwa, na wapo wanaoshindwa na upweke au maradhi wakarudi makwao kabla ya muda, na wakirudi huona haya mbele ya majirani. Kwa miaka mingi kijana huyo alikatazwa kupiga simu nyumbani ila siku mbili tu katika mwaka, yaani Krismasi na Siku ya Mama. Ilikuwa mpaka Februari 2019 ndipo aliporuhusiwa kuzungumza na wazazi wake kila wiki. Sisi tunaona walichelewa mno. Mzazi hahitaji kushawishiwa na mtu ili ajue kwamba sauti ya mtoto huonyesha mambo ambayo barua huyaficha.

Juu ya hayo yote, kijana huyo hayuko peke yake, na wapo wanaojua alipo. Kila wiki humwandikia mkuu wa misheni, ambaye anaishi katika nchi ile ile pamoja na mkewe. Akiugua, hujulikana. Asipoonekana, mwenzake huwa wa kwanza kutambua, na si baada ya siku tatu.

Utaratibu huo haukuteremka ukiwa kamili. Historia yake inafaa kusomwa na watu wa visiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya funzo lilipatikana visiwani, tena kutoka kwa wenyeji.

Mwezi wa Desemba 1850 wahubiri kumi wa kanisa hilo waliteremka Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ambavyo wakati huo vilikuwa na mfalme wake na sheria zake. Walitoka California, kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuna aliyekuwa amewafundisha Kihawaii. Walidhani watawahubiria Wazungu waliokuwa wakiishi huko, lakini Wazungu hao walikuwa wachache na hawakuwa na haja nao. Miezi michache baadaye sehemu kubwa ya kundi ilikuwa imekata tamaa na kuondoka, na hatuwalaumu sana. Mtu aliyetupwa ufukweni bila lugha ni bubu, na bubu hana kazi ya kuhubiri.

Miongoni mwa waliobaki alikuwa George Q. Cannon, kijana wa miaka 23. Alikwenda kisiwa cha Maui akaishi katika nyumba za wenyeji. Alijizoeza kula poi, yaani majimbi yaliyopikwa, yakapondwa, yakaachwa yachachuke. Mwanzo yalimshinda. (Sisi wala majimbi wa Unguja na Pemba, tusioyachachusha, tunaweza kumhurumia.) Alisikiliza mazungumzo ya watu mpaka maneno yakaanza kumkaa. Hatimaye alikutana na Jonatana Napela, hakimu wa Wailuku, Mhawaii aliyesoma sana, na wawili hao wakafanya kazi bega kwa bega hadi Kitabu cha Mormoni kikapatikana kwa Kihawaii, kikachapwa San Francisco mwaka 1855.

Lakini kazi ya Napela tunayoithamini zaidi ni nyingine. Aliona jinsi wahubiri wapya walivyokuwa wakihangaika, na mwaka 1853 alitoa shauri kwamba wageni wasitawanywe shamba kabla ya kufundishwa lugha, naye akawafundisha nyumbani kwake. Aliyebuni kumtayarisha kijana kabla ya kumtuma alikuwa mwenyeji, mtu wa kisiwa, aliyewatazama wageni wakiteseka kwa jambo linalozuilika. Napela huyo mwaka 1873 alimfuata mkewe Kitty, aliyepatwa na ukoma, katika makazi ya wagonjwa ya Kalaupapa kisiwani Molokai. Akakaa naye huko, maradhi yakampata na yeye, akafa mwaka 1879.

Mwaka 1854 aliletwa Hawaii mtoto yatima wa miaka 15, Joseph F. Smith. Aliugua vibaya, akauguzwa na mwanamke wa kisiwa aliyemfanya kama mwanawe. Mtoto huyo alikuja kuwa mkuu wa kanisa zima mwaka 1901. Wangapi wengine wa umri wake waliougua na wasimpate mama wa namna hiyo? Bahati si utaratibu. Na ilichukua zaidi ya miaka mia moja shauri la Napela kuwa taratibu ya kudumu: skuli ya lugha kwa wamisionari ilifunguliwa Provo, Utah, mwaka 1961. Siku hizi kijana anayekwenda nchi ya lugha ngeni hufundishwa kwa muda wa wiki sita hadi tisa hivi kabla ya kuanza kazi, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazofundishwa. Afrika nayo ina kituo cha mafunzo Accra tangu mwaka 2002. (Kwamba huku kwetu wamechelewa kuonekana kuna sababu, na si ya kujivunia: hadi Juni 1978 kanisa hilo lilimnyima mtu mweusi ukuhani. Misheni ya Nairobi ilianza mwaka 1991, na ya Dar es Salaam mwaka 2020.)

Sasa tutazame kwetu.

Binti wa miaka ishirini na kitu wa Micheweni au Makunduchi anaambiwa na wakala kwamba iko kazi ya nyumbani Oman. Anakata pasipoti, anapewa karatasi ya kutia sahihi, anaagwa kwa dua na machozi, na usiku ule ule yuko angani. Nani amemfundisha lugha? Watu hujibu kwamba Kiarabu anakijua, kwani amesoma chuoni tangu utotoni na amehitimu. Ndiyo, amehitimu. Lakini kusoma Msahafu kwa tajuwidi ni jambo moja, na kumuuliza mwenye nyumba pasi iko wapi, au kumwambia kwamba tumbo linamkata tangu jana, ni jambo jingine. Kiarabu cha jikoni Muscat hakifundishwi chuoni. Watu hujibu tena kwamba kule wapo wengi wasemao Kiswahili, wenye asili ya huku. Ni kweli wapo. Je, wakala amehakikisha kwamba nyumba anayompeleka binti huyu ni mojawapo?

Akifika, hana mwenzake. Mlango ukifungwa, umefungwa. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Wengi walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila siku ya mapumziko, na wengine kulipwa pungufu au kutolipwa kabisa. Wapo pia waliopata matajiri wema, wakajenga nyumba za wazazi wao na kusomesha wadogo zao, na sisi hatutaki kuwasahau wala kuwavunja moyo wanaotafuta riziki ya halali. Lakini binti huyu na yule wanatofautiana kwa bahati tu. Tunawapeleka vijana wetu kama walivyopelekwa wale kumi wa mwaka 1850.

Tunajua hoja itakayotolewa. Itasemwa kwamba mmisionari anatoka katika kanisa lenye mali, na kwamba yeye hulipia safari yake, hali binti yetu anakwenda kwa sababu ya dhiki. Hoja hiyo ina ukweli. Lakini mambo matatu yanayomlinda kijana yule hayahitaji mali ya ajabu: kufundishwa lugha kabla ya safari, kutokuwa peke yake, na kuwa na mtu maalumu anayepokea habari zake kila wiki.

Kwa lugha, walimu tunao. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni iliyoanzishwa hapa imo sasa ndani ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wapo pia akinamama waliorudi kutoka Oman, ambao wanakijua Kiarabu cha jikoni kuliko profesa yeyote, wanajua vifaa vya nyumba za kule, na wanajua neno la kusema unapokataliwa kupiga simu. Hao wanafaa kulipwa kama walimu. Napela hakuwa mwalimu wa skuli, lakini alijua kilichokuwa kinahitajika.

Kuhusu mwenza, hatudai kwamba nyumba moja iajiri wawili. Inatosha mabinti waliosoma pamoja wapelekwe mji mmoja, wajuane, na kila mmoja awe na anwani na namba ya simu ya mwenzake kabla ya kuondoka, si baada ya kufika.

Na kuhusu habari za kila wiki, hapa tunasema na wakuu wa Serikali moja kwa moja. Simu ya kila wiki kwa wazazi iandikwe ndani ya mkataba kama unavyoandikwa mshahara. Nakala ya mkataba ikae kwa sheha wa shehia anayotoka binti. Awepo ofisa mmoja, na tunapendekeza awe mwanamke, mwenye daftari la majina na wajibu wa kuuliza pale wiki inapopita kimya. Ikiwa kanisa moja liliweza kufuatilia habari za wamisionari wake zaidi ya 70,000 mwishoni mwa mwaka 2024, duniani kote, visiwa viwili haviwezi kushindwa na hesabu ya watoto wao wenyewe.

Wazazi nao wana lao. Baba anayepokea fedha za kwanza kutoka kwa wakala asiharakishe kutia kidole. Aulize jina la tajiri, mtaa, na idadi ya watu wa nyumba ile. Akionwa mshamba kwa kuuliza, na aonwe.

Gharama zipo. Kumlisha na kumfundisha binti mmoja kwa wiki sita, Mjini Unguja au Chake Chake, kunahitaji fedha, na tunafahamu kwamba Hazina ina mambo mengi. Lakini wakala hulipwa na tajiri wa kule kwa kila mfanyakazi anayempeleka. Katika malipo hayo yakatwe ya mafunzo, na stakabadhi ionyeshwe uwanja wa ndege pamoja na pasipoti.