Jaribuni Kwenu Kwanza

Kompyuta ya mezani ikiganda katikati ya kupokea toleo la majaribio la Windows, wa kwanza kulaumiwa ni mwenye kompyuta. Ataambiwa mashine yake kuukuu, diski imechoka, umeme wa mtaani kwake haueleweki, flashi yake ina virusi. Fundi atamlaumu. Wenzake kazini watamlaumu. Ukurasa wa msaada wa kampuni utamtaka achomoe printa, awashe upya, ajaribu tena. Lile lililo wazi kuliko yote hakuna atakayemwambia: programu aliyotumiwa ilikuwa haijaiva, waliomtumia walijua haijaiva, na walimtumia ili waone itaharibu nini.

Jambo hili linanikera, na nadhani limenyamaziwa muda mrefu mno.

Kazi ya kujaribu programu ilikuwa na wenyewe. Kwa miaka mingi Microsoft iliajiri watu ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu: kuisumbua Windows kwa kila namna, kuivunja, kuandika imevunjikaje, na kumrudishia aliyeiandika. Julai 2014 kampuni ikatangaza kupunguza hadi watu 18,000. Wengi wao, kama 12,500, walitoka upande wa simu za Nokia ilizokuwa imezinunua, lakini panga liliwapitia na wajaribuji wa Windows. Satya Nadella, aliyekuwa amekalia kiti cha mkurugenzi mkuu tangu Februari mwaka huohuo, alieleza kuwa ni busara waandishi wa programu kuzijaribu wenyewe. Tarehe 30 Septemba Windows 10 ikatangazwa, na mara mlango wa Windows Insider ukafunguliwa: yeyote duniani ajiandikishe, apokee matoleo mabichi, atoe taarifa ya kila kinachokwama. Bure, kwa mashine yake, umeme wake na intaneti yake. Kati ya tangazo la kwanza na la pili haikupita hata miezi mitatu. (Wapo waliowahi hata kulipia shida hii: kabla ya Windows 95 kutoka, kampuni iliuza toleo la awali kwa dola 19.95.)

Utaniambia hakuna aliyelazimishwa. Aliyejiandikisha kajiandikisha mwenyewe, na onyo lilikuwepo kwamba matoleo haya yasiwekwe kwenye kompyuta unayoitegemea. Kweli lilikuwepo. Lakini si wote waliopitia mlango huo. Marekebisho ya kawaida ya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wiki ya tatu na ya nne yalikuwa yakitoka mengine, ambayo kampuni iliyaita C na D, nayo yalikuwa onjo la yatakayokuja mwezi unaofuata. Desemba 2018 Microsoft yenyewe ilieleza kwamba mtu anayefungua mipangilio na kubonyeza kitufe cha kutafuta masasisho alihesabiwa kuwa mtumiaji mzoefu, na kwa hiyo aliweza kupewa hayo ya C na D. Mwalimu aliyesikia redioni kwamba kuna virusi vipya, akakimbilia kitufe hicho ili ajikinge, tayari alikuwa amekwisha kuwa mjaribuji. Hakujaza fomu, hakupewa onyo, hakuulizwa.

Mwaka 2019 walibadilisha, wakayatenga matoleo hayo chini ya kichwa cha hiari. Walifanya vizuri. Ila leo ndani ya Windows 11 ipo swichi inayokuahidi kuwa miongoni mwa wa kwanza kupata maboresho mapya, na maneno yake hayasemi kuwa utakachopata bado kinapimwa. Mtu wa kawaida akisoma neno "mapya" anaelewa "bora". Waliolichagua neno hilo wanajua hivyo.

Na huko kujaribu kwenyewe kumezaa nini? Agosti 2016 lilitoka toleo kubwa la Windows 10 lililokuwa limepita mikononi mwa mamilioni ya wajaribuji wa bure kwa miezi mingi. Likaanza kugandisha kompyuta ambazo Windows imewekwa kwenye SSD na programu na mafaili yamewekwa kwenye diski ya pili. Microsoft ikakiri. Kompyuta ya mezani yenye diski mbili si kitu cha ajabu. Ndivyo kila fundi anavyoshauri mtu asiye na fedha ya kununua SSD kubwa.

Oktoba 2018 ndiyo iliyonimaliza imani. Tarehe 2 wakaachia toleo la 1809, na siku chache baadaye wakalisimamisha kwa sababu lilikuwa likifuta nyaraka na picha za watu. Walioumia zaidi ni waliokuwa wamehamisha folda zao za nyaraka kutoka diski C kwenda diski D huku baadhi ya mafaili yakibaki mahali pa zamani. Sasisho liliiona ile folda ya zamani kuwa takataka, likaifuta na vilivyomo. Nani kati yetu hajaona kompyuta yenye C iliyojaa na D yenye nafasi? Kampuni ilisema taarifa za tatizo hilo zilikuwa asilimia 0.01 tu ya waliosakinisha. Asilimia ni hesabu ya mwenye mashine mamilioni. Mwenye mashine moja hesabu hiyo haimhusu; kwake nyaraka zipo au hazipo.

Kinachouma zaidi ni kwamba wajaribuji wa bure walikuwa wameliona. Taarifa za mafaili kupotea zilikuwa zimetumwa kabla toleo halijatoka, zikazama kwenye rundo la maoni. Baada ya aibu ile ndipo wakaongeza sehemu ya mtoa taarifa kuonyesha tatizo lake ni zito kiasi gani, na toleo likarudi tarehe 13 Novemba. Mjaribuji anayelipwa humfuata mwandishi wa programu mpaka mezani kwake na kumwambia hili halitoki leo. Wa bure huandika kwenye kisanduku na kusubiri.

Halafu tazama walivyolipwa shukrani. Juni 2021 Windows 11 ilipotangazwa, wajaribuji wa zamani ambao kompyuta zao hazikukidhi masharti mapya, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya vizazi vya karibuni, waliruhusiwa kuendelea kujaribu mpaka toleo rasmi litoke. Likishatoka, mashine zao zingetolewa kwenye mpango, nao warudi Windows 10 kwa kufuta kila kitu na kusakinisha upya. Kompyuta zao zilifaa kutafutia makosa. Kutumia kilichosafishwa kwa jasho lao hazikufaa.

Mifano ya karibuni nitaipitia haraka. Sasisho la majaribio la Agosti 2023 liliangusha kompyuta zenye mazabodi za MSI kwa ujumbe kwamba prosesa haitambuliki, na MSI ikalazimika kutoa BIOS mpya. La Juni 2024 liliwasha na kuzima mashine mfululizo, hasa zinazotumia kompyuta pepe, likasitishwa upesi.

Sasa tuje kwenye mashine iliyoganda mbele yako, maana hasira peke yake haiwashi kompyuta.

Usikimbilie swichi ya ukutani. Asilimia zinaweza kusimama palepale kwa saa nzima, hasa kwenye diski ya kuzunguka, na kazi ikawa inaendelea ndani. Tazama taa ya diski kwenye kasha: ikipepesa, iache. Bonyeza Caps Lock: taa ya kibodi ikiitikia, mfumo bado una uhai. Taa zote mbili zikinyamaza kwa saa kadhaa, hapo shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Ukiiwasha, mara nyingi Windows hujirudisha yenyewe kwenye toleo la awali. Isipojirudisha, ikikwama kuwaka mara mbili tatu hukufungulia mazingira ya uokoaji, na humo kuna nafasi ya kuondoa sasisho la mwisho bila kugusa mafaili yako. Na ikianguka kwa skrini ya kijani badala ya ile ya bluu tuliyoizoea, au nyeusi ya siku hizi, jua mashine hiyo iko kwenye matoleo ya majaribio, hata kama mwenyewe anakana. Aliyenunua kompyuta ya mtumba anaweza kuwa ameirithi hali hiyo pasipo kujua.

Kisha tafuta sababu. Msimbo wa kosa ukianza na 0xC1900101, mara nyingi tatizo ni draiva. Chomoa kila kitu isipokuwa kibodi, mausi na skrini. Printa ya zamani, skana na kidude cha Wi-Fi vimekwisha kukwamisha masasisho mengi. Hakikisha C ina gigabaiti 20 zilizo wazi. Pima memori, pima diski. Kumbukumbu za usakinishaji zimo kwenye folda iitwayo Panther, na Microsoft inayo programu ya bure, SetupDiag, inayozisoma na kukueleza ni hatua gani iliyofeli.

Hapa nina ugomvi na mafundi wetu. Wengi hawafiki kwenye Panther. Mteja akileta kompyuta iliyoganda, flashi inachomekwa, C inafutwa, na jioni anaambiwa amepigiwa Windows mpya, alipe. Zimeondoka nyaraka zilizokuwa juu ya Desktop, umeondoka na ushahidi wa kilichotokea. Wiki mbili baadaye sasisho lilelile linakuja na draiva ileile, kompyuta inaganda tena, na mteja anaamini kwamba mashine yake ina mkosi. Fundi wa namna hiyo anaifanyia kampuni kazi ya kufukia makosa yake. Ni kweli kwamba mashine iliyoingizwa kwenye njia za Windows Insider ziitwazo Dev au Canary kwa kawaida haitoki huko bila kufutwa na kusakinishwa upya, na hilo nalo ni dhuluma, kwa kuwa kuingia ni kubonyeza tu. Lakini kabla ya kufuta, washa mashine kwa Linux ya flashi au toa diski uichomeke kwingine, na uhamishe mafaili yote ya mteja. Fundi asiyefanya hivyo asichukue hela ya mtu.

Nafikiria steshenari zetu, kwa sababu huko ndiko kompyuta ya mezani inakolisha familia. Ukifika msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, vijana hupanga foleni wenye vyeti mkononi kuskani na kujaza fomu mtandaoni, na tarehe ya mwisho haimngoji mtu. Mara nyingi kuna kompyuta moja, printa moja, skana moja. Toleo zima la majaribio ni gigabaiti kadhaa. Kwa aliyeunganisha kompyuta kwenye hotspoti ya simu, hilo ni bando la siku nyingi. Likikwama linaweza kupakuliwa upya, na bando linaliwa tena. Umeme ukikatika katikati ya kuandika mafaili ya mfumo na hakuna UPS, asubuhi kijana anakuta mlango wa steshenari umefungwa. Huyu mwenye steshenari hajawahi kuomba kuwa sehemu ya utafiti wa mtu. Nani atamfidia siku yake?

Nataka mambo ambayo kampuni yenye utajiri ule inayaweza. Sasisho la majaribio liandikwe jina lake kwa herufi kubwa kabla ya kubonyezwa, kwa Kiswahili pia, maana Windows ya Kiswahili ipo. Lisikae ukurasa mmoja na marekebisho ya usalama, watu wakashindwa kutofautisha dawa na jaribio la dawa. Anayetaka kutoka kwenye majaribio atoke bila kufuta maisha yake ya kazi. Na zile nafasi za wajaribuji wa kulipwa zirudishwe.

Wewe mwenye steshenari, leo ukishamhudumia mteja wa mwisho, nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows Update uzime swichi ya kupokea maboresho mapema, na kama unatumia hotspoti, iweke alama kuwa intaneti ya kupimiwa. Fungua ukurasa wa Windows Insider uone kama umesajiliwa. Kama umo, chagua kuacha kupokea matoleo hayo. Marekebisho ya usalama ya Jumanne ya pili usiyakatae, hayo yanakulinda. Kama hao wa Microsoft wanataka kujua Windows yao inagandaje kwenye kompyuta yenye diski ya kuzunguka, printa ya miaka kumi na umeme wa kukatika, wainunue kompyuta hiyo, waiweke ofisini kwao, na wamwajiri mtu wa kukaa mbele yake.