Taa Hazipoozi Kompyuta

Saa nne usiku, mwezi wa pili, Changanyikeni. Pangaboi linazunguka juu ya kichwa changu, na chini ya meza feni ya kompyuta inalia kama inafukuzwa. Kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 32. Prosesa inasoma 95, na hicho ndicho kikomo chake: ikifika hapo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hesabu zangu za mafuriko ya Mto Msimbazi, ambazo ndizo tasnifu yangu, zimefika asilimia 40 na zinasuasua. Zilimalizika kesho yake, baada ya saa 14.

Niliwauliza wenzangu wa darasani, watu wenye shahada za uhandisi. Jibu likawa moja: nunua kipoza cha maji. Jumamosi nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani alinisikiliza nusu, kisha akashusha boksi. "Dada yangu, hii ya maji ndiyo dawa. Laki tatu, lakini kwa kuwa ni wewe, lete laki mbili na themanini." Feni mbili, taa za rangi zote. Mfukoni nilikuwa na laki tatu na ishirini, na humo humo kulikuwa na pesa ya kula na ya kujalidi tasnifu.

Sina ugomvi na yule kijana. Yeye anauza, na muuzaji husifu kilichopo dukani. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosoma fizikia ya joto, tukafaulu mtihani, kisha tukaiacha mlangoni pa duka.

Tuanze na jambo ambalo sote tulifundishwa. Kipoza cha prosesa si friji. Hakitengenezi baridi, kinahamisha joto tu, kutoka kwenye kipande kidogo cha silikoni hadi kwenye hewa ya chumba. Kwa hiyo hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba chenyewe. Vipimo tunavyovisoma kutoka Ulaya na Marekani hufanywa kwa kawaida katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Kipoza kinachoiweka prosesa kwenye 75 katika chumba cha nyuzi 22 kitaiweka karibu na 85 katika chumba changu. Hakijaharibika, wala hujauziwa feki. Umeongeza nyuzi kumi za Dar es Salaam, basi. Tunaazima majibu ya watu bila kuazima vyumba vyao, halafu tukiona namba kubwa tunadhani tiba ni kununua cha bei zaidi.

Na maji? Maji hulibeba joto kutoka kwenye prosesa hadi kwenye rejeta, kisha feni hulipulizia kwenye hewa. Hewa ipi? Ileile ya chumba changu. Kila kipoza mwishoni ni cha hewa. Hicho kingine kimezunguka njia ndefu tu. Tena hata kipoza cha kawaida cha mnara kina maji ndani yake. Ile mirija yake ya shaba ina matone machache yanayochemka upande wa prosesa, yakapanda kama mvuke hadi kwenye mapezi ya alumini, yakapoa na kurudi yenyewe. Hakuna pampu, hakuna bomba la mpira.

Pampu ndiyo inayonitia hofu. Kwenye kipoza cha mnara kinachozunguka ni feni peke yake, na feni ikifa unanunua nyingine ya milimita 120 na kuibana mahali pake. Pampu ya bei nafuu ikifa, kipoza kizima ni taka. Kwa mtu mwenye mshahara huo ni usumbufu. Kwa mwanafunzi aliyebakiza wiki tatu kukabidhi kazi, huo ni muhula mwingine.

Nitaambiwa kipoza cha maji kina kazi yake. Kweli kinayo. Prosesa inayokula wati 200 na zaidi kwa saa nyingi itaifurahia rejeta kubwa. Yangu ni Ryzen 5 3600. Lebo yake inasema wati 65, na ikisukumwa inaruhusiwa kufika karibu 88. Kuifungia mtambo wa laki tatu ni kukodi lori la kubebea ndoo mbili.

Nitaambiwa pia kwamba rahisi ni ghali. Msemo huo ni wa kweli kwenye pawasaplai, maana ya hovyo inaweza kuondoka na mashine nzima. Lakini shaba haijui bei yake. Mirija minne, mapezi, feni moja nzuri: kwa wati zangu hiyo inatosha, na kinachozidi hapo mara nyingi unalipia mwonekano.

Basi niliondoka dukani na pesti ya elfu kumi. Nilifungua kasha uani, nikapuliza vumbi lililokuwa limeganda katikati ya mapezi kama sufi ya mto, nikafuta pesti kuukuu iliyokauka kwa spiriti ya duka la dawa, nikapaka mpya, kiasi cha punje ya njegere. Nikarudisha kipoza kilekile cha zamani na kuendesha hesabu zilezile. Kutoka 95 ikashuka hadi 86, na kasi ikarudi.

Hapo ndipo nilipokuwa na haki ya kununua. Nilipima nafasi ndani ya kasha kwanza, kwa sababu vipoza vingi vya mnara vina urefu wa milimita 150 hadi 160 na makasha membamba hayavipokei. Nikahakikisha vibanio vyake vinaendana na soketi ya mazabodi yangu, na kwamba feni haitagonga vijiti vya RAM. Kisha nikalipa elfu themanini na tano kwa mnara mmoja wa mirija minne, usio na taa hata moja. Jioni yenye joto lilelile, prosesa ilisimama kwenye 74. Hesabu zilimalizika kwa saa 11.

Tazama hizo namba vizuri. Nyuzi tisa za kwanza zilinigharimu elfu kumi na mchana mmoja wa vumbi. Kumi na mbili zilizofuata zilinigharimu elfu themanini na tano. Hakuna mwenzangu hata mmoja aliyenishauri nianze na brashi.

Kwa nini? Nadhani tunaona aibu. Kusafisha ni kazi ya fundi, kupima milimita ni kazi ya asiye na hela, na msomi wa kisasa hapendi kuonekana akipiga hesabu za elfu kumi. Tunapenda kasha lenye kioo pembeni, linalowaka rangi chumbani kama duka la simu, wakati tunakopa hela ya bando. Halafu ni sisi tunaoandika tasnifu kuhusu matumizi bora ya rasilimali.

Yangu imejalidiwa. Nakala nne, jalada gumu, kwa pesa ambayo nusura niigeuze kuwa taa.