Dawa ya nano na maneno yanayoizunguka Uvira

Ukitaja dawa ya nano ya kifua kikuu hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, iwe Kavimvira au bandarini Kalundu, utajibiwa kwa hofu au kwa matumaini yaliyopitiliza. Vyote viwili vinaumiza wagonjwa, kwa hiyo nitayajibu madai ninayoyasikia, moja moja.

Wazo lenyewe ni hili: dawa inafungwa ndani ya chembe ndogo mno za polima inayovunjika mwilini, kisha inatoka polepole, ili mgonjwa ameze mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, alilifanyia kazi kwa miaka katika taasisi ya CSIR huko Pretoria, kabla ya kwenda Arusha kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela.

"Ni plastiki, itabaki kwenye damu." Hapana. Polima inayotumika huitwa PLGA, nayo imeundwa kwa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki. Maji ya mwilini huikata vipande vipande hadi zibaki asidi hizo mbili, ambazo mwili unajua kuzimaliza. Asidi ya laktiki misuli ya mvuvi huitoa yenyewe kila anapovuta wavu. Tena polima za jamii hii si ngeni hospitalini. Mama akijifungua kwa upasuaji, nyuzi za ndani hakuna anayerudi kuzitoa. Aina zinazotumika sana hutengenezwa kwa asidi hizo hizo, na huyeyuka zenyewe. Mwaka 1989 Marekani iliruhusu sindano ya saratani ya tezi dume ambayo dawa yake imefungwa katika punje za PLGA. Na mwaka 2010 Boitumelo Semete na wenzake wa Pretoria walieleza walichokiona kwa panya waliomezeshwa chembe hizi: sehemu kubwa zaidi ilikutwa kwenye ini, na viungo havikuonyesha kuumia. Panya si mtu, ndiyo maana vipimo kwa binadamu vinahitajika. Lakini anayesema hakuna aliyechunguza anakosea.

"Ndani kuna mtambo wa kutufuatilia." Chembe moja ina upana wa nanomita mia mbili au tatu hivi, seli nyekundu ya damu ina kama 7,000. Hapo hapana nafasi ya betri wala antena.

"Wazungu wanakuja kutujaribia dawa." Swai ni Mtanzania, Semete ni wa Afrika Kusini, na mwaka 2020 Umoja wa Afrika ulimpa Swai Tuzo ya Kwame Nkrumah. Hata hivyo simcheki anayeogopa. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake kwa watoto wagonjwa huko Kano, Nigeria, na kesi za ridhaa ya wazazi zilidumu miaka mingi. Akija mtafiti, mwulizeni: fomu ya ridhaa iko katika Kiswahili? Kamati gani ya maadili imeidhinisha? Nikidhurika, nani atanitibu?

"Joto letu litaiharibu." Hapa wasemaji wana hoja. PLGA huvunjwa na maji, na joto huharakisha kazi hiyo. Dawa ya namna hii italazimika kukaushwa na kufungwa vizuri sana, la sivyo itaharibika kwenye stoo ya kituo cha afya kando ya ziwa.

"Dawa ya mara moja kwa wiki imeshatoka, naacha hizi za kila siku." Dai hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Dawa hiyo haijafika katika kituo chochote cha afya, Uvira wala kwingineko. Matibabu ya kawaida bado ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi minne. Mgonjwa hupata nafuu mapema, kikohozi hupungua, mkojo wa rangi ya machungwa unamchosha, anaacha. Vijidudu vilivyobaki ndivyo vinavyoweza kuwa sugu, na vijidudu hivyo sugu vinaweza kumwambukiza pia anayelala naye chumba kimoja. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure na programu ya taifa. Mvuvi anayekwenda mji wa Baraka kwa wiki mbili amwambie muuguzi kabla ya kuondoka, wapange dozi za safari.