Chuchu bandia: kumnyamazisha mtoto si kumshibisha



Msimu wa mpunga ukifika, akina mama wa Katindiuka hushinda mashambani, na mtoto mchanga huachwa kwa dada yake mdogo. Akilia hupewa chuchu bandia, ile ya mpira isiyotoa kitu. Ananyamaza. Je, ameshiba, au amezibwa mdomo tu?

Kunyonya titi ndiko kunakoleta maziwa. Mtoto anayetulizwa kwa mpira tangu wiki za mwanzo hunyonya mara chache, maziwa yanapungua, kisha tunasema mama hana maziwa. Ndiyo maana mwaka 1989 WHO na UNICEF walitaka wodi za wazazi zisiwape chuchu hizo watoto wanaonyonya. Mwaka 2018 walilegeza kidogo, wakataka mama aelezwe matumizi na hatari zake.

Tuseme haki pia. Madaktari wa watoto wa Marekani wanaona kuwa mtoto anayelala nayo hupungukiwa na hatari ya kufa ghafla usingizini. Lakini nao wanasema kunyonya titi kuwe kumetengemaa kwanza.

Kwetu tatizo kubwa ni usafi. Chuchu inaanguka uani walikopita kuku, inafutwa kwa kanga na kurudishwa mdomoni. Masika bonde la Kilombero hufurika, na maji ya vyoo huweza kuingia visimani. Kuisuuza kwa maji hayo ni kuongeza uchafu. Sisi tunaochunga twahara kabla ya swala, mbona mdomo wa mtoto hatuuchungi?

Anayelazimika kuitumia aichemshe dakika tano kila siku na kuihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko. Asiifunge kwa kamba shingoni, inaweza kumnyonga mtoto. Wala asiichovye kwenye asali. Asali ina shifaa, lakini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli.

Akina baba, hili si la mama peke yake. Surat al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na hapo hapo ikambebesha baba chakula na mavazi ya mama. Basi anayenyonyesha asiachiwe jembe, maji na kuni peke yake. Mpunguzie kazi, mtoto apate titi, na mpira hautahitajika.