Sura ya Nani?

Katika lugha yetu neno fedha ni jina la madini meupe na pia jina la pesa. Kwa Waroma mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja: dinari yao ilikuwa kipande cha fedha, nayo katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, ndiyo ujira wa kibarua kwa siku nzima.

Dinari za kwanza, yapata mwaka 211 kabla ya Kristu, zilionyesha upande mmoja Roma, mungu mke mwenye kofia ya vita, na upande wa pili Castor na Pollux, mapacha wana wa Jupiter, juu ya farasi. Hata neno la Kifaransa monnaie latokana na Juno Moneta, ambaye karibu na hekalu lake sarafu zilitengenezwa. Mwaka 44 kabla ya Kristu, Julius Caesar akawa Mroma wa kwanza kuwekwa kwenye sarafu za Roma angali hai. Mtu aliingia mahali pa miungu. Dinari ya Tiberio, Kaisari wa nyakati za Yesu, ilimwita mwana wa Augusto aliye mungu.

Sarafu ya namna hiyo ndiyo Bwana wetu aliyoomba aonyeshwe, akauliza ni sura ya nani. Wengi hulifanya jibu lake kuwa somo la kodi tu. Mimi naona halikuishia hapo. Ikiwa sarafu ni yake aliyechorwa juu yake, je, mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu ni wa nani? Kaisari na achukue kipande chake. Mtu si mali yake.

Tena sura ya mkubwa hailindi thamani. Katika karne ya 3 fedha ndani ya sarafu za Roma ilipungua hadi kukaribia kwisha, huku uso wa Kaisari ungalipo. Nasi wazee tunazikumbuka noti zenye sura ya Mobutu: mwaka 1993 zaire za zamani 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja.

Hapa Bukavu mbadilisha pesa huinua dola kwenye mwanga, akaikataa kwa mpasuko mdogo tu. Lakini mwalimu auzapo alama za mtihani, au kijana akubalipo noti ili apige kelele kwa jambo asiloliamini, ni nani aikaguaye sura iliyochanika ndani yao?

Floribert Bwana Chui wa Goma, mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyoharibika, akauawa mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma, katika mji ule ule wa dinari.

Vijana wangu, atakapokuja mtu na noti mkononi, msiulize kwanza ni ya kiasi gani. Ulizeni anataka kufuta sura ya nani.