Wahitimu Wasioulizwa Waendako

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu juu ya vijana wetu wa Rungwa, ambao wakihitimu hupewa cheti na hongera tele, lakini hakuna awaulizaye wanakusudia kushika kazi gani ya umri wao wote. Binti wa ndugu yangu, cheti chake ki sandukuni chini ya khanga za mamaye, naye anauza vocha kando ya barabara ya Mbeya, ilhali pori la akiba li mlangoni petu, Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo Tabora, mkoa jirani, na cha wanyamapori kipo Mweka tangu 1963. Wala hakupata kusikia hata kimoja kikitajwa darasani. Maafisa elimu, mna jawabu gani? Tafadhali tujibuni gazetini humu.

Wako,
Msomaji, Rungwa, Singida