Mbuyu Ndani ya Chungu

Huku kwetu Magogoni, Kisauni, nyumba zimebanana, na mwenye hamu ya mti mara nyingi hana budi kuupanda chunguni. Hapo ndipo bonsai, ule ufundi wa Wajapani, unapotufaa: mti hupunguzwa mizizi, hupogolewa na kukunjwa kwa waya, hata ukazeeka bila ya kurefuka.

Wapo wanaouliza, mti usiotoa kivuli una faida gani? Suali la haki. Lakini mabibi zetu walitunza mirehani na miasmini makoponi, wakapeana vitawi, na hapana aliyewauliza faida.

La kuuliza ni mti umetoka wapi. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa Kilifi ili ipelekwe nchi ya Georgia, hata mwezi wa Novemba Rais William Ruto akaamuru uchunguzi. Wengi tulikasirika. Sasa, wapenzi wa bonsai nao hupenda kuchimbua msituni kijimti kilichokunjamana juu ya jiwe, kwa kuwa uzee wake umekwisha kuwa tayari. Tukifanya hivyo, tofauti yetu na wale wa Kilifi ni ukubwa wa gari tu.

Na dharura haipo. Chukua mbegu za mbuyu (si zile zilizopikwa na sukari!), ziroweke katika maji ya moto usiku kucha, kisha zipande katika mchanga usiotuamisha maji. Mche ukishika, punguza mzizi mkuu, shina linenepe. Ikiota miwili, mmoja mpe jirani.